Betri Chini ya Mchanga wa Nesi

Kwa heshima na taadhima, naomba kueleza jinsi nilivyokaribia kumuua Nesi.

Nesi si mtu. Ni ndege wa ufukweni, mwenye miguu kama njiti na mdomo mrefu mweusi. Madam wa biolojia alimwokota baada ya dhoruba, bawa limeteguka, akamfunga bandeji na kumweka maabara kwenye tundu la waya. Tulimwita Nesi kwa sababu ukimwekea beseni la mchanga mbichi, hudunga, hudunga, hudunga, kama aliyetumwa kuchanja wilaya nzima. Bawa lilikuwa limepona. Jumamosi angeachiwa arudi kwa wenzake.

Mimi naitwa Msiba. Mama hakunipa jina hilo. Nililipata bwenini, kwa juhudi zangu mwenyewe.

Madam alitufundisha kwamba Nesi hakioni kilichofukiwa, wala hakinusi. Ncha ya mdomo wake imejaa vihisio vidogo sana. Akidunga mchanga uliolowa, maji yaliyo kati ya chembe husukumwa, na penye kitu kigumu hayapati njia. Nesi huuhisi msukumo huo kabla hata hajakigusa kitu chenyewe.

"Kwa hiyo hata kipande cha chuma atakijua kipo?" niliuliza.

"Atajua kuna kitu kigumu. Ni nini, hilo atalijua akifika."

Hapo akili yangu, ambayo hulala vipindi vyote vya hesabu, ikaamka.

Alhamisi mchana Madam alikuwa afukie kome mmoja, mnyama mdogo wa baharini mwenye gamba, kwenye beseni, nasi tuhesabu Nesi atadunga mara ngapi kabla ya kumpata. Wenzangu walipokwenda kula, nilijipenyeza maabara, nikachomoa betri ya duara kutoka kwenye kikokotoo kibovu, ndogo kama kifungo cha shati, nikaizika na kuchora alama kwa kidole juu yake. Mpango ulikuwa mzuri: Nesi anaichomoa mbele ya darasa zima, nami nasimama na kutangaza kwa huzuni, "Madam, mgonjwa ameomba chaji." Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni.

Kipindi kilipoanza, Madam alimfukia kome wake upande mmoja, kisha akausawazisha mchanga kwa rula. Alama yangu ikafutika. Sikujali. Ndipo Miwani, jirani yangu wa kitanda, akanyoosha mkono.

"Madam, sasa Nesi anamtafunaje kome, na meno hana?"

"Hatafuni. Anammeza mzima, gamba na vyote. Firigisi ndiyo inasaga."

Betri, ndani ya firigisi, inasagwa. Hata mimi niliyefeli kemia nilijua kilichomo ndani ya betri si uji.

Madam akafungua mlango wa tundu.

Nilipaswa kusema wakati ule ule. Lakini ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na barua ya onyo langu la mwisho. Nesi akaruka ndani ya beseni. Akadunga kushoto. Akadunga katikati. Darasa zima likahesabu kwa sauti: "Saba! Nane! Tisa!" Kisha akasimama, akainamisha kichwa, akageukia kulia, mbali na alipo kome. Akaanza kudunga haraka haraka, kila tundu karibu zaidi na lenzake, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi.

"Madam," nikasema. Sauti ilitoka ya mtoto wa chekechea. "Madam, mtoe! Kuna betri humo!"

Darasa likaangua kicheko.

"Wiki jana ilikuwa nyoka bwaloni," Miwani akasema. "Kabla ya hapo moto. Leo betri!"

"Msiba, kaa chini," Madam akasema bila kugeuka. "Nimeshakuzoea."

"Haki ya Mungu, Madam!"

"Na hiyo pia nimeizoea."

Nesi akauzamisha mdomo mpaka kwenye macho. Nikaona shingo yake ikivuta. Sikufikiri. Nilirukia meza, nikashika ukingo wa beseni na kulipindua. Mchanga, maji na Nesi vyote vikaenda sakafuni. Nesi akaruka juu ya kabati, akatua, koo lake likitikisika.

Kicheko kikakatika.

"Amemeza?" nikauliza. "Nani ameona? Amemeza?"

Madam aliutazama uso wangu, na nadhani ndipo aliponiamini.

"Asisogee mtu," akasema. "Tafuta."

Nilipiga magoti, nikaanza kuudunga ule mchanga kwa kidole, tundu kwa tundu. Kidole changu hakina kipaji cha Nesi. Hakijui kitu mpaka kikigonge. Nikagonga kitu kigumu, nikakichomoa kwa furaha. Kome. Karibu nilie. Nikaendelea, mchanga ukipungua, na kila kiganja kilichotoka kitupu kilimpeleka Nesi karibu na kaburi.

Ilikuwa kwenye kiganja cha mwisho kabisa, chini ya mguu wa meza.

Madam aliichukua, akaifuta kwa kitambaa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Na kama usingekuwepo darasani?" akauliza.



Adhabu nimeandikiwa, na ni ndefu. Lakini Jumamosi Madam alinibebesha tundu mpaka ufukweni. Nesi alitoka, akakimbia kwenye mchanga uliolowa, akadunga mara tatu. Akachomoa kitu, akakimeza kabla sijaona ni nini. Nilimshika Madam mkono wa shati.

"Ni kome, mwanangu."

"Una hakika, Madam?"

Akanitazama, naye pia akageuka kumwangalia Nesi tena.