Mtaro Katikati ya Uwanja

Uwanja wa shule yetu ya msingi, nje kidogo ya Muthetheni, haukuwa sawa hata siku moja. Ulianzia juu kwenye madarasa ukateremka hadi ua wa mikonge, na mpira uliopita goli la chini ulirudi na tundu au haukurudi kabisa. Mistari tuliichora kwa majivu ambayo kila mtoto aliyatoa jikoni kwao. Nimeona viwanja vingi tangu hapo, vingine vya kulipia kuingia, na bado naupenda ule kuliko vyote. Anayebisha hakucheza pale.

Mwaka wa 1998 nilikuwa darasa la nane, kapteni wa timu, na kwa mara ya kwanza mechi ya zoni ilipangwa kuchezewa kwetu. Mama yangu Kalunde, ambaye kama Wakamba wengine nilimwita Mwaitu, hakuwa amewahi kuniona nikicheza. Mechi zetu zote zilikuwa za ugenini, lori la kukodi lilijaa wachezaji, naye alikuwa na shamba na ng'ombe wa kuangalia. Hii ya nyumbani ilikuwa ya mwisho kabla sijamaliza shule. Nilitaka anione, basi.

Tatizo ni kwamba mvua za El Nino zilikuwa zimeukwangua uwanja vibaya. Mwalimu Wambugu, mtu wa Nyeri aliyetufunza michezo, akatuma ujumbe kwa mwethya, lile kundi la akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu: waje Jumamosi watengeneze uwanja. Hakueleza zaidi. Yeye akaenda zake Masaku mjini kununua mpira.

Akina mama walikuja na majembe, wakiongozwa na mwenyekiti wao, ambaye ni mama yangu mzazi. Sasa, mpe Mkamba jembe, umwonyeshe mteremko ulioliwa na mvua, kisha umwambie atengeneze. Jumatatu asubuhi tulikuta mtaro wa fanya juu, mzuri ajabu, udongo umetupwa upande wa juu na kupangwa vizuri, umekata uwanja katikati kutoka vyooni hadi barabarani.

Mwalimu Wambugu alimwita Mwaitu shuleni.

"Mama Mwangangi, hii ni nini?"

"Ni mtaro, mwalimu," Mwaitu akasema kwa fahari. "Si ulisema tutengeneze? Sasa mvua haitabeba hii mchanga tena."

"Na watoto watachezea wapi?"

Mwaitu akautazama mtaro, akayatazama magoli. "Si waruke? Haiko kubwa sana."

Mwalimu alishika kichwa. Akasema uwanja usipokuwa tayari kufikia Alhamisi, mechi itahamishiwa kwa wapinzani wetu, ng'ambo ya mto.

Jioni hiyo nilisusa chakula. Mwaitu alikuwa ameketi karibu na taa akichagua maharagwe.

"Mbona hukuli?"

"Mechi itaenda kuchezewa kwingine," nikasema. "Na nilitaka unione nikicheza, Mwaitu. Hata mara moja."

Alipeta maharagwe yake, akapuliza maganda, akaendelea kuchagua. Nilienda kulala na hasira zangu.

Kesho yake mwethya walikuwa uwanjani kabla ya kengele, wanarudisha udongo walikoutoa, wanaimba na kuushindilia kwa miguu. Mwaitu alifukia mtaro wake akiwa na uso wa mtu anayelazimishwa kumwaga maziwa.

Ijumaa mechi ikachezwa. Mwaitu alisimama pale mtaro ulipokuwa, na kila mchezaji alipoukanyaga ule udongo laini, yeye aliinama kuangalia kama umezama. Nilianza kujuta kwamba nilimwalika. Kipindi cha pili nikafunga bao kwenye goli la chini, karibu na mikonge, nikageuka mbio kumtafuta. Alikuwa ameinama, anashindilia udongo kwa kisigino. Tulishinda moja bila, nikabebwa juu juu, na ndani ya furaha hiyo nilikuwa na uchungu kidogo.

"Udongo haikuzama," ndilo neno aliloniambia nyumbani. Wiki iliyofuata walichimba mtaro mwingine juu kabisa, kando ya madarasa, na safari hii waliuliza kwanza.

Mwaka wa 2007 nilikuja likizo, na Jumapili moja tukitoka kanisani tulipitia pale. Nyasi zilikuwa zimejaa hadi kwenye mikonge. Watoto walikuwa wakicheza pekupeku, na mimi nilitamani kuvua viatu.

"Mtaro wako umefanya kazi," nikamwambia.

"Nilijua." Kisha akaelekeza kidevu kwenye goli la chini. "Ni hapo ulifunga."

Nikamgeukia. "Si ulikuwa umeinama, unakanyaga udongo?"

"Niliinama baadaye. Ulipiga na mguu ya kushoto, halafu ukakimbia ukishika kaptula na mkono moja. Kifungo ilikuwa imetoka, na mimi nilikuwa nimesahau kukushonea. Nikaona aibu mbele ya wamama wote, nikaangalia chini."

Ile kaptula nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Tulikaa pale hadi watoto walipomaliza mechi yao, na kila mpira ulipoelekea goli la chini, Mwaitu alinyoosha shingo aone.