Kura Zilizofutana

Kwa miaka ishirini na moja Aili Lantto hakupiga kura hata mara moja, na usidhani ni uvivu. Yeye na kaka yake Hilding walikuwa wamepatana. Kila uchaguzi ukifika, Aili anataka hivi, Hilding anataka vile, kura ya mmoja inaifuta ya mwenzake. Basi ya nini kupanga foleni? Siku ya kura walibeba ndoo wakaenda msituni kuchuma lingoni, vile vitunda vyekundu vichachu vya Septemba, na jioni wakarudi ndoo zimejaa na hakuna aliyemshinda mwenzake. Haparanda nzima, mji wao wa kaskazini mwa Uswidi, iliwacheka. Wacha icheke.

Walijua walikotoka. Mwaka 1980 nchi ilipiga kura ya vinu vya nyuklia, na hawa wawili walitukanana jikoni kwa mama yao mpaka vikombe vikavunjika. Baada ya siku ile Hilding alinyamaza. Miaka miwili hakumsemesha dada yake. Akiwa na neno alimtuma mama. Mama naye akafa. Wakamzika mmoja amekaa benchi la kulia, mwingine la kushoto, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Hiyo ndiyo siku ambayo Aili hawezi kuisahau. Wiki moja baadaye Hilding alikuja na ndoo mbili, akasema tusipige kura tena maisha yetu, na Aili akakubali palepale mlangoni.

Sasa ilikuwa Septemba 2003, na Uswidi ilikuwa inaulizwa: tuiache krona tuchukue yuro kama wenzetu, au tubaki na yetu?

Mtu wa kusini angeweza kulijibu swali hilo bila kuinuka kitini. Saluni ya Aili ilikuwa hatua chache kutoka mpaka wa Finland. Nusu ya vichwa alivyovikata vilikuja kwa miguu kutoka Tornio, mji wa upande wa pili, vikiwa na yuro mkobani, na ukutani ilibidi aandike bei mbili. Binti yake ameolewa Tornio. Mama yao alizaliwa Tornio. Aili aliuona mji mmoja, na alichoka kuambiwa ni nchi mbili kila anapopokea malipo. Aliitaka yuro, tena aliitaka kwelikweli.

Hilding alifanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini na nne. "Mwaka tisini na mbili krona iliporomoka," alikuwa akisema, "mbao zetu zikawa rahisi, Waingereza wakazigombania, na mimi niliyekuwa nimefukuzwa nikaitwa kazini. Tungekuwa na fedha ya watu wote, nani angeishusha kwa ajili yetu? Mabwana wa benki kuu ya yuro kule Frankfurt? Hao hata kwenye ramani hawatuoni." Na kilichomuudhi Aili ni kwamba hapo kaka yake alisema kweli.

Jumatano ya wiki ya kura waziri wa mambo ya nje, mwanamke aliyekuwa akiipigania Ndiyo, alichomwa kisu dukani Stockholm, na Alhamisi akafa. Kampeni zikasimama. Saluni wanawake walilia huku nywele zao zikichuruzika maji. Ijumaa mchana Aili alifunga mlango nusu saa, akaenda posta walikokuwa wakipokea kura za mapema, akapiga ya Ndiyo. Alijiambia: mwenzetu ameuawa, halafu mimi nishindwe kutia karatasi kwenye bahasha eti kwa sababu nina miadi ya kuchuma matunda? Akarudi kazini. Hakumwambia mtu.

Jumapili, siku yenyewe ya kura, Hilding akamfuata na gari asubuhi, wakaenda mbali, mwendo wa saa mbili, kwenye msitu anaouamini yeye peke yake. Alikuwa na furaha, akipiga mluzi. Aili alichuma kidogo sana. Kutwa nzima alitafuta pa kuanzia asipapate.

"Mbona ndoo yako iko hivyo, we dada? Leo unachuma kwa macho?"

"Mgongo."

"Mgongo huo hauumi ukiwa na wateja wa Tornio."

Saa kumi na moja jioni wakakaa kunywa kahawa, na vipande vya jibini ndani ya vikombe kama alivyowazoesha mama. Hilding alinyoosha miguu. "Ona raha hii," akasema. "Nchi nzima roho juu, sisi tuko hapa na jibini letu. Hakuna watu wenye akili kutuzidi."

Aili hakuweza tena. "Kaka, mimi nimepiga kura."

"Lini?"

"Ijumaa. Posta."

Hilding alikiweka kikombe chini taratibu. Akafunga chupa ya kahawa, akabeba ndoo zote mbili, akaelekea kwenye gari. Aili akaokota vikombe, akamfuata. Ndiyo yameisha, aliwaza. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, Hilding sitini na saba. Umri huo hawakuwa na miaka miwili ya kuitupa. Alijuta, ila hakujutia kura. Alijutia kuificha.

Gari halijafika hata barabara ya lami, Hilding akaanza.

"Mimi unanifanya mjinga, Aili? Tisini na nne, kura ya kuingia Umoja wa Ulaya, unajua nilivyotaka kwenda kupiga Hapana? Ilikuwa Novemba! Theluji! Tumezunguka msituni kutwa hakuna hata lingoni moja, kama wehu, na mimi nimekaa kimya masikio yanaganda, kwa nini? Kwa ajili yako."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeenda kunizunguka posta. Si ungekuja tu ukasema, kaka, safari hii nimeshindwa? Ningekumeza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Aili akakumbatia mkoba wake. Hilding akaendelea, na mguu wake ukazidi kukandamiza mafuta. Aligomba msitu mzima, akagomba daraja, akagomba kupita kijiji kwa kijiji, na saa mbili kasoro robo akasimamisha gari mbele ya shule ya kupigia kura. Zilibaki dakika kumi na tano vituo vifungwe.

Ndani, wale wazee wa kituo wanaomjua kila mtu walikuwa wamekwenda kupanga bahasha chumba cha pili. Mezani alikuwa binti mgeni, mwalimu aliyehamia majuzi.

"Kitambulisho, tafadhali."

Hilding akajipapasa. Koti la msituni lilikuwa na kisu, kopo la ugoro na soksi moja. Pochi ilikuwa nyumbani, ng'ambo ya pili ya mji.

"Kama kuna mtu anayekufahamu, na yeye ana chake," binti akasema, "anaweza kukuthibitisha."

Hilding akageuka. Aili alikuwa amesimama mlangoni. Hakumwomba.

Mkoba ulikuwa begani kwa Aili. Angeweza kusema hana kitu. Dakika zingeisha, na kura yake ingebaki nzima, ya kwanza katika miaka ishirini na moja. Ingekuwa kura ya saluni yake, ya binti yake na ya mama yake. Aliliwaza hilo, na lilimtamanisha, mbona tufiche. Kisha akasogea mezani, akatoa leseni yake ya gari.

"Unamfahamu huyu bwana?"

"Namfahamu. Ni kaka yangu, Hilding. Amekuja kuifuta kura yangu."

Binti akawatazama wote wawili, akasogeza fomu. Aili akatia sahihi. Hilding akaingia nyuma ya pazia, akatoka, bahasha ikaingia sandukuni.

Nje, kabla hajafungua mlango wa gari, akaanza tena. "Na usidhani kunisaidia pale ndani ndiyo umesafishika. Nina maneno mengi bado. Unajua umenivunjia heshima kiasi gani? Hebu niangalie nikikwambia."

Aili akamwangalia, na machozi yakamtoka. Saa mbili nzima huyu mtu alikuwa hajafunga mdomo. Alimgombeza uso kwa uso, kwa jina lake, bila kumtuma mtu.

"Sasa unalia nini?"

"Silii. Sema, kaka. Nigombeze mpaka nyumbani."

Hapana ilishinda nchi nzima, krona ikabaki. Aili aliumia, na hakujifanya hakuumia. Jumatatu saa moja asubuhi, kabla hajafungua saluni, simu ikalia. Ilikuwa Hilding. Hakutaja ushindi hata kwa neno moja. Alisema amelala vibaya, akasema bado ana hasira, akasema wakiulizwa tena siku za mbele wataenda kupiga wote wawili, mlango mmoja, na Aili asije akathubutu kutangulia posta. Halafu akaendelea pale alipoishia jana, akarudi nyuma mpaka mwaka 1980, na Aili akavuta kiti cha wateja, akakaa, akamsikiliza.