Usichungulie

Siku hiyo nilikwenda zahanati kuaga, niache uuguzi. Tangu nianze mafunzo kwa vitendo, damu ilinitia kichefuchefu, lakini nikilalamika nyumbani mama alikuwa na jibu moja tu: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kana kwamba nilijivua mwenyewe. Yeye ndiye aliyenivua, aliponiandikisha chuo.

"Sista, nina neno," nilimwambia muuguzi mkuu.

"Litangoja."

Fundi vioo alikuwa ameletwa amebebwa, paja limepasuliwa na kipande cha dirisha. Sista alikunja shashi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, akaikandamiza kwenye jeraha, kisha akaiweka mikono yangu juu yake.

"Bonyeza kwa uzito wako wote. Usichungulie. Namwita daktari."

Akafunga mlango. Mara nikasikia anaitwa chumba cha wazazi, mtoto anatoka, na nyayo zake zikaelekea huko.

Nikabonyeza. Mikono ilikufa ganzi, pua ikaniwasha, na wa kunikuna hayupo.

"Binti, ushawahi kufanya hii kazi?" fundi aliuliza.

"Mara nyingi," nilimdanganya.

"Basi mbona unatetemeka kuliko mgonjwa?"

Baadaye nikaona kama damu imekatika. Kiherehere hakina dawa. Niliinua ukingo wa shashi nione tu, damu ikaruka mpaka kifuani kwangu. Nikarudisha mikono haraka, nikamlalia mguu mzima. Fundi hakutania tena. Midomo ilikuwa imempauka.

"Umeachia?"

"Kidogo tu."

"Usiachie tena, mwanangu. Nina watoto."

Niliita mpaka sauti ikakauka. Mlango ulikuwa pale pale, na nisingeweza kuufikia bila kumuua mtu. Nilimchukia Sista, nikamchukia mama, nikamchukia na huyo fundi aliyeshindwa kubeba kioo kama wenzake. Nililia, na machozi sikuwa na mkono wa kuyafutia.

Mwishowe daktari, aliyetumiwa mtu na Sista, aliingia akaniambia nitoe mikono. Sikuweza. Vidole vilikataa kunyooka, ikabidi avibandue kimoja kimoja ndipo ashone.

Sista alirudi amechoka, mikono bado ina maji.

"Haya, neno lako?"

Kabla sijajibu, fundi, macho kayafumba, alinidaka kiganja.

"Kesho kidonda anifunge huyu huyu. Kashajua ubaya wa kuchungulia."

Nilivuta mkono taratibu. Hakuachia.

"Nimelisahau, Sista," nilisema.