Kete Mbili Nyumbani kwa Shemeji

Tangu wamzike dada yake, fundi saa alikuwa akifungwa mchezoni kila alasiri na shemeji yake, mume wa marehemu. Walicheza mchezo wa dadu kwenye meza ya kazi, vibano na saa zilizofunguliwa zikisogezwa pembeni. Kila mmoja alizungusha kete zake ubaoni hadi nyumbani kwake, pembe ya ubao yenye vituo sita. Kete iliyo peke yake hupigwa, ikatolewa, ikaingilie upya nyumbani kwa adui. Zikiwa mbili pamoja haziguswi.

Zamani shemeji alicheza taratibu, utani mwingi. Siku hizi alipiga chochote alichokiona, hata pale kupiga kulipomwacha wazi. Fundi naye alijibu pigo kwa pigo, na kwenye vurugu hakumfikia.

Jumanne moja akabadili. Kete zake mbili za nyuma alizikutanisha nyumbani kwa shemeji, akaziacha palepale. Hata akipigwa, ana pa kutua.

"Mbona umelala, shem? Piga!"

"Sina haraka."

"Unaogopa."

"Kwa mwoga huenda kicheko," fundi alijibu kwa mzaha, kisha akajing'ata ulimi.

"Na kwa shujaa huenda kilio," shemeji alimalizia, hakucheka.

Akazidi kushambulia, kete zake zikatapakaa mojamoja. Fundi alingoja. Dadu zilipomkubali alipiga moja, halafu ya pili, akaziba kwa kete mbilimbili vituo vyote sita vya nyumbani kwake. Zamu tatu nzima shemeji hakuwa na pa kuingilia. Ikabidi akae tu, mikono mapajani.

"Hata siku ile sikutulia," alisema ghafla. "Anakata roho, mimi niko nje nagombana na manesi."

Fundi alikuwa ndani siku ile, amemshika dada yake mkono. Miezi mitano alikuwa amelimeza neno.

"Alikusikia," alisema. "Akaniambia, 'Mwite aingie, apumzike.' Sikutoka kukuita, shem. Nilidhani muda upo."

Shemeji aliinuka, akaenda zake. Jumatano hakuja. Alhamisi pia hakuonekana, na fundi aliharibu saa mbili za watu.

Ijumaa mlango ulifunguliwa. Shemeji alivuta kiti, ubao hakuugusa.

"Haya, nieleze yote," alisema. "Anzia asubuhi ya siku ile."

Fundi akavua miwani yake, akaanza.