Proksi Mbili kwenye Kompyuta Moja

Fundi mitambo hakutulia kitini tangu asubuhi. Kompyuta kuukuu chini ya meza yake ilibeba kiwanda kizima: programu ileile ya proksi imewashwa mara mbili, moja ikipitisha intaneti ya ofisini, nyingine ya kantini. Mashine ya pili meneja alikataa kununua, akasema wafanyakazi wasidekezwe. Ndiye huyohuyo aliyefunga bomba la maji walipodai glavu. Watu hawajasahau.

Leo dada yake mkubwa, mshonaji, alikuwa kantini akituma malalamiko idara ya kazi: picha za vidole vilivyokatwa, moja moja, mtandao ukijikokota. Mwisho wa kupokea ulikuwa jioni hiyo; yasipofika, basi tena.

Meneja alipata fununu. Akaja mbio, akaamuru proksi ya kantini izimwe mbele ya macho yake. Fundi alijaribu kupiga chenga, ikashindikana. Akaandika amri ya kuzima, akabonyeza, roho ikimuuma. Meneja akaenda zake akipiga mluzi.

Lakini iliyokufa ilikuwa ya ofisini.

Fundi akashika kichwa. Alipoanzisha ya kantini alinakili mipangilio ya ofisini, akasahau kuitengea faili lake la namba, ile ambayo kompyuta huitazama ijue ni programu ipi ya kuzima. Zote mbili ziliandika mahali pamoja, na ile ya ofisini, ilipowashwa upya asubuhi, ikafuta namba ya mwenzake, ikaweka yake. Kusahihisha ni kufumba na kufumbua. Vidole vikaenda kwenye kibodi, vikarudi. Vikaenda tena. Akavikalia.

Meneja akarudi anatweta. Wenye kiwanda walikuwa wakimsubiri mtandaoni.

“Nimekosea, bosi, nimezima ya kwenu,” fundi alimwambia. “Nitaiwasha dada akimaliza.”

Meneja akainama, akashika waya wa umeme wa kompyuta.

“Vuta,” fundi akasema. “Mara ya mwisho ilipozimika hivyo ilikataa kuamka siku mbili. Na mashine ya pili ulikataa kununua.”

Waya ukabaki mkononi. Hatimaye simu ya fundi ikalia.

“Wamepokea, mdogo wangu,” dada alisema. “Wamejibu kabisa.”

Fundi akavuta kibodi, akaanza kuwasha ya ofisini.

“Kesho usije,” meneja alisema.

“Nitakuja,” alijibu bila kugeuka. “Barua ya kunifukuza utanipa mbele ya wote, kantini.”