Uso wa Ganza

Mwaka ule wa tisini na saba, wakimbizi walipokuwa bado wanarudi Rwanda kutoka misitu ya Zaire miguu imevimba, Cassien alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka pale Kamembe. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na ufundi wake aliupata huko. Chumba cha kazi alikitumia pamoja na Joselyne, mtunzi wa nyimbo za kwaya, na ubishi wao haukuisha: kazi huanzia wapi?

"Mimi naanzaka na macho," Cassien alikuwa akisema. "Macho yakikubali, uso wote unafuata."

"Kwangu maneno yanakuja nyuma," Joselyne alijibu. "Kwanza naguna tu, midomo imefungwa. Nikiyalazimisha mapema, wimbo unakufa."

Walikuwa katikati ya mazungumzo hayo mama mmoja alipopiga hodi. Aliitwa Dative, ametoka Giheke kwa miguu.

"Banasema unachoraka bantu," alisema. "Nataka unichoree mutoto wangu, Ganza. Tulipotezana mu pori, upande wa Walikale, siku ile bantu bote balikimbia."

"Uko na foto yake, Maman?"

"Iliungua mu kambi. Lakini niko naye hapa." Akagusa paji la uso wake.

Cassien hakuwahi kuchora mtu asiyemwona. Hata hivyo, nani angemfukuza mama yule? Alichukua kipande cha mbao kilichokuwa kinangoja kuwa kibao cha kinyozi, akamketisha, akaanza na macho kama kawaida yake.

"Makubwa?"

"Makubwa kidogo. Hapana, si hivyo. Hayo ni ya muntu mukubwa."

Akafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akachora tena. Dative alirudi siku iliyofuata, na nyingine baada yake. Masikio yalitanuka, yakapungua. Shavu likajaa. Joselyne aliacha nyimbo zake akawa anauliza maswali yake mwenyewe: mtoto alikuwa akichekaje, alikuwa akilalia upande gani? Mwanzoni Dative alijibu upesi, hata akacheka alipokumbuka jinsi Ganza alivyokuwa akiwatolea kuku ulimi. Kisha majibu yakaanza kuchelewa. Akiulizwa, aliitazama kwanza ile mbao.

Cassien aliliona jambo hilo, akadhani ni dalili njema. Mkono wake ulikuwa umeshika njia. Uso ulimtoka kwenye brashi ukiwa hai, na moyoni alijua hajawahi kuchora kitu kizuri namna ile.

"Maman, ni yeye?" aliuliza hatimaye.

Dative alifumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoyafumbua, aliigeukia ile mbao.

"Sijui tena," alisema. "Nilikuja hapa niko naye. Sasa nikifunga macho, namuona huyu wako. Yule wangu nikimuita, anakuja huyu."

Kitambaa cha mafuta kilikuwa mezani, Cassien akakishika.

"Niifute," alisema. "Nikifuta, labda atakurudilia."

"Usiguse." Dative alisimama kati yake na picha. "Ukifuta, nitabakia na nani?"

Joselyne akamshika bega, akajaribu kuguna wimbo wowote. Sauti haikutoka. Akabaki amemshika tu.

Cassien alimsihi aiache picha usiku mmoja, rangi bado mbichi. Dative hakutaka kusikia. Aliibeba kwa mikono miwili, ameitenga na kifua chake kama mtu aliyebeba chungu cha moto, akashika barabara ya Giheke. Cassien alimfuata hadi mteremko unapoanza. Alitaka kumwambia kitu, hata pole, ila pole aliyokuwa nayo mdomoni ilikuwa ileile anayopewa mtu aliyekwaruzwa na mwiba. Akasimama.

Mbele kidogo, mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani alimsimamisha Dative. Aliinama kidogo, mkono mmoja umeshika ndizi, akaitazama picha, kisha akauliza kitu huku akitabasamu, kama watu wanavyouliza juu ya mtoto. Cassien alimwona Dative akijibu. Walikuwa mbali; jibu lenyewe hakulisikia.