Buti Mbili na Sisimizi

Mwalimu wetu wa darasa la jioni alitufundisha kwamba tangazo ni kama pilipili, likiwa dogo ndipo linapowasha. Nilimwamini. Nilipokwenda kwa Fundi Brashi kuandikisha mabango ya mchezo wangu, nilimpa maneno machache kuliko ya salamu.

UMEITWA! JUMAMOSI, SAA KUMI JIONI, UKUMBI WA MANISPAA. FIKA BILA KUKOSA.

"Na hili la mchezo wa kuigiza niliweke wapi?" aliniuliza, brashi yake ikiwa nyuma ya sikio.

"Chini kabisa. Ukiliweka juu hawatashtuka."

"Watashtuka, mama. Wewe tulia."

Akachora buti mbili nyeusi zinazong'aa mpaka unatamani kuinama uzifunge kamba. Katikati ya visigino akaandika "mchezo wa kuigiza" kwa herufi ndogo kama sisimizi wanaohama. Tukabandika mabango mtaa mzima, mimi nikifurahi kama niliyeokota dhahabu.

Mchezo wenyewe unaitwa hivyo hivyo, Umeitwa. Ni habari ya kijana anayekwenda jeshini kwa lazima, kama wanavyokwenda wote wakifika umri, na ya mama anayebaki. Niliuandika mtoto akiwa ananyonya, karatasi ikiwa juu ya goti lililobaki wazi. Kilichonisukuma ni neno moja tu. Mdogo wangu aliporudi kutoka jeshini, mama alimwita akiwa jikoni, kama alivyomwita tangu utotoni. Tulilelewa kuitika vizuri, binti "Abee", kijana "Naam". Siku hiyo mdogo wangu aliruka kitini, akasimama wima, akajibu kwa sauti ya kupasua bati, "Afande!"

Mama alidondosha mwiko. Tangu hapo hamwiti tena. Akimtaka, anamfuata alipo na kumgusa bega polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. Mdogo wangu naye akahamia kwenye chumba cha nyuma ya karakana ya baiskeli anakofanya kazi, akawa anakuja kutuona kwa nadra. Alijua ninaandika kitu. Jina la mchezo nilimficha, nikitaka siku hiyo nimkalishe mbele, aone kwamba mtu ameelewa.

Shida ilikuwa ukumbi. Meneja wake, mtu wa suti moja na funguo nyingi, alinipa jioni moja kwa sababu kwaya iliyokuwa imeiomba iliahirisha. "Pakijaa, tutazungumza habari za jioni nyingine," alisema. "Pakiwa patupu, mama, utarudi kwenye vifungo vyako." Mchana nashona vifungo kwenye kiwanda cha mashati. Vifungo sivikatai, vinanilisha. Ila nilikuwa na neno la kusema, na jioni ya kulisemea ilikuwa hiyo moja tu.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa kazini. Nikambeba binti yangu mgongoni, nikaazima kipaza sauti cha mkononi, nikaenda kuupigia debe mchezo wangu. Sikufika mbali. Mlinzi wa ukumbi alinijia mbio, kofia mkononi.

"Dada, njoo. Umeleta balaa."

Nje ya ukumbi palikuwa na watu wengi kuliko niliowahi kuwaota, wengi wao akina mama. Mmoja alishika cheti cha hospitali na kumweleza kila aliyepita kwamba mwanawe ana pumu. Mwingine, mnene, mwenye kandambili za bluu, alimshika kijana ukosi wa shati. Kijana alikuwa na utando wa buibui kichwani.

Nikakumbuka kitu ambacho nilipaswa kukikumbuka kwa Fundi Brashi. Ukumbi huo ndimo vijana wanamoandikishwa jeshini kila mwaka.

Meneja alitoka akiwa na kikombe cha chai.

"Huu ni ukumbi, si kambi! Wewe ndiye mwenye buti?"

"Ni mimi, lakini bosi..."

"Hakuna lakini. Kama hawa hawajaondoka kwa amani kabla sijamaliza chai hii, mchezo hakuna. Na mabango yote chini!"

Akapuliza chai, akanywa funda la kwanza akinitazama.

Nilipanda ngazi za mlangoni. Miguu ilitaka kunipeleka nyumbani, nikaikatalia. Nikawasha kipaza sauti, kikapiga mluzi wa kuumiza meno. Watu wakageuka. Kabla sijatamka lolote, binti yangu, ambaye amekulia kwenye mazoezi yetu na anajua amri za gwaride kuliko majina ya shangazi zake, akachungulia begani kwangu na kumwaga sauti kwenye kipaza.

"Mguuu... saaawa!"

Umati mzima ukacheka. Nikasikia pah! Visigino vimegongana.

Nikatafuta sauti ilikotoka. Karibu na ukuta, peke yake, mdogo wangu alikuwa amesimama wima, kidevu juu, begi begani. Chini ya kwapa alikuwa na blanketi, limekunjwa kama tofali.

Nilishuka ngazi bila kuziona.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimeitwa," alisema, macho mbele. "Imesemwa tuliomaliza tunaweza kuitwa tena."

"Lakini imeandikwa kesho!"

"Wanaowahi wanapata vitanda vya chini."

Nilikuwa nimeandika mchezo mzima kuhusu mtu huyu, kisha nikamtumia bango la kumtoa kitandani. Nikamshika mkono nikampeleka ukutani mpaka pua yake ikakaribia visigino vya zile buti.

"Soma hapa. Ni mchezo wa kuigiza. Ni mimi niliyekuita, si wao."

Akainama. Akasoma. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Dada," alisema akijipangusa macho, "haya maandishi umewaandikia nani, siafu?"

Mama wa kandambili alikuwa amesikia. "Ati nini? Mchezo? Kwa hiyo mwanangu amelala darini na panya kwa ajili ya mchezo?"

"Mama, mimi sijaumia," kijana wa buibui alisema.

"Nyamaza! Panya wote wanakujua kwa jina!" Akavua kandambili moja.

Nikarudi kwenye ngazi. Meneja alikuwa amefika nusu ya kikombe.

"Nipige, mama, ni haki yako," nilisema kwenye kipaza sauti. "Nimekosea, nawaomba radhi nyote. Hakuna aliyeitwa jeshini leo. Ila nisikilizeni kidogo, kisha mrushe."

Kandambili ilibaki hewani.

"Mlivyoshtuka leo ndivyo tunavyoshtuka kila mwaka. Kila mtu kwake, amefunga mlango. Mmoja anaficha mtoto darini, mwingine anatafuta cheti. Wa kwetu alikwenda, akarudi, na mama yetu mpaka leo anaogopa kumwita. Sina ugomvi na sheria, na simtukani askari yeyote. Nilitaka tu siku moja tushtuke pamoja, tumekaa kwenye viti, tukiangaliana. Mama akilia, jirani yake ajue analilia nini."

Mwenye cheti cha hospitali alikikunja taratibu akakiweka kifuani.

"Na huyo kijana wa mchezo," mama wa kandambili aliuliza, "mwisho wake anarudi?"

"Njooni kesho mwone."

"We mtoto we! Hata katikati ya msiba unapiga debe!" Lakini alicheka, na alipocheka yeye, wengine wakapata ruhusa ya kucheka. Kandambili ikarudi mguuni. "Nitakuja. Asiporudi, hii kandambili nitakuja nayo."

Walianza kuondoka, wengine wakiulizana nani atakaa na nani. Meneja alitazama ndani ya kikombe.

"Chai imepoa," alinung'unika. "Haya. Mchezo upo. Lakini hayo mabango yaondoke."

"Yabaki," mdogo wangu alisema. Alikuwa ameweka begi chini. "Neno 'mchezo' ndilo lipande juu. Nitaliandika mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeitwa."

Meneja akamimina chai iliyopoa chini, akarudi ndani. Tukaenda kwa Fundi Brashi kuazima kopo la rangi nyekundu na ngazi, na kutwa nzima tulizunguka mtaa. Kila bango, juu kabisa, mdogo wangu aliandika MCHEZO kwa herufi nene kama mikate. Mimi nilipiga kelele na kipaza sauti, binti yangu akatoa amri. Kila alipotoa, nilimtazama mdogo wangu kwa jicho la pembeni. Mara kadhaa ngazi ilitikisika. Kufikia bango la mwisho, alimjibu tu, "Pumzika, afande mdogo," akaendelea kupaka.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka meneja akaenda kutafuta mabenchi. Mama wa kandambili alikaa mbele na nusu ya ukoo. Waigizaji wangu walikuwa nyuma ya pazia wakirudia maneno yao, na mdogo wangu alikuwa juu ya ngazi ubavuni mwa jukwaa, akirekebisha kamba. Mtu wa pazia alikuwa ameugua, naye akasema, bora kuvuta kamba kuliko kukaa mbele akitazamwa.

Mama alichelewa. Alisimama katikati ya viti, mkoba kifuani, akatazama huku na huku. Hakumwona. Hapakuwa na bega la kugusa. Kutoka pembeni mwa jukwaa nilimwona akivuta pumzi, nikajua anachotaka kufanya, lakini nilikuwa mbali mno kumzuia.

"Mwanangu!" aliita. "We mwanangu, uko wapi?"

Vijana wote ukumbini wakageuka. Juu ya ngazi, mdogo wangu alinyooka. Mgongo ukawa ubao, mdomo ukafunguka, nikaiona ile "A" ikijipanga. Akashika kamba kwa mikono miwili.

"A... Abee, mama!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Abee?" mama alisema, mkono kiunoni. "Mimi nimezaa mabinti wangapi?"

"Basi naam! Naam, mama. Nipo huku juu."

"Shuka usije ukaanguka," alisema mama, akaketi, akaanza kutafuta leso kwenye mkoba.

Mdogo wangu hakushuka. Alinitazama akisubiri. Nikampa ishara, akavuta pazia.